Hati, Nyundo na Maji: Mahekalu ya Wahindu Walio Wachache Nchini Pakistan

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi wa dini, wanasheria na waandishi wa habari



Nimeombwa nizungumzie uhuru wa kuabudu wa Wahindu wanaoishi mahali ambapo wao ni wachache. Ningeweza kuzunguka na kugusa kila nchi kidogo kidogo, lakini nimeamua kukaa Pakistan. Kule karibu kila balaa linaloweza kulipata hekalu limeshatokea, na mengi yamefika mahakamani, kwa hiyo kumbukumbu zipo. Halafu Pakistan haiwezi kulaumiwa kwa kukosa sheria. Kifungu cha 20 cha katiba yake kinampa kila raia haki ya kushika dini yake na kila madhehebu haki ya kuendesha taasisi zake. Kifungu cha 36 kinaiagiza dola ilinde haki za walio wachache. Kanuni ya Adhabu, urithi wa Waingereza wa mwaka 1860, ina kifungu cha 295 kinachomtia hatiani anayebomoa au kunajisi mahali pa ibada kwa nia ya kuitukana dini. Mwanasheria wa Tanzania akikisoma atadhani amefungua kifungu cha 125 cha Kanuni yetu ya Adhabu, na mwenzake wa Kenya atakumbuka kifungu chao cha 134. Vyote vimetoka jiko moja la kikoloni.

Kama sheria iliyoandikwa ingetosha, ningekaa chini sasa hivi tukanywe chai.

Hoja yangu ni kwamba hekalu la walio wachache hupotea kwa karatasi mara nyingi zaidi kuliko kwa nyundo. Nyundo hupigwa picha, ikasambaa kwenye simu, na waziri akatoa tamko. Karatasi hufanya kazi yake ofisini kimya kimya, na siku waumini wanapostuka, kiwanja kina jina la mtu mwingine. Nitaanza na nyundo hata hivyo, kwa sababu ndiyo inayojulikana.

Teri, wilaya ya Karak

Kwa sensa ya mwaka 2023, Wahindu wa Pakistan ni zaidi kidogo ya milioni 5, ukiwajumlisha na watu wa matabaka ya chini ambao sensa huwahesabu peke yao. Hiyo ni kama asilimia 2 ya wananchi. Wengi wako jimbo la Sindh, na katika wilaya ya Umerkot wao ni zaidi ya nusu ya wakazi. Teri haiko Sindh. Ni mji mdogo wa wilaya ya Karak, jimbo la Khyber Pakhtunkhwa, kaskazini-magharibi, ambako Mhindu wa kuishi ni wa kutafuta kwa tochi. Kilichoko ni samadhi, yaani kaburi takatifu, ya Shri Paramhans Ji Maharaj, mtakatifu aliyefariki mwaka 1919, na wafuasi wake husafiri kutoka mbali kwenda kumzuru.

Mwaka 1997 mahali hapo palibomolewa. Mahakama ya Juu iliamuru pajengwe upya, na mwaka 2015 pakasimama tena. Tarehe 30 Desemba 2020, baada ya mkutano wa hadhara wenye hotuba kali, umati ulielekea pale ukiwa na nyundo na mawe, ukavunja na kuchoma moto. Kisingizio kilikuwa upanuzi: Wahindu walikuwa wamechukua nyumba ya jirani na kuifanyia ukarabati. Wiki iliyofuata mkuu wa polisi wa jimbo aliieleza Mahakama ya Juu kuwa askari 92, pamoja na maofisa wao wakubwa, wamesimamishwa kazi kwa uzembe. Tafadhali mliangalie hilo jambo vizuri. Si kwamba polisi hawakujua. Polisi walikuwa zamu.

Jaji Mkuu wa wakati huo, Gulzar Ahmed, alilichukua shauri hilo mwenyewe bila kusubiri mlalamikaji, akaagiza hekalu lijengwe na gharama zitozwe kwa waliobomoa. Novemba 2021 alikwenda Teri akasherehekea Diwali na waumini ndani ya jengo jipya. Ni tendo la heshima, na ni majaji wachache wa nchi yoyote ambao wangethubutu.

Ila kuna sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa sana. Machi 2021 lilikaa baraza la wazee, jirga, kwa desturi ya huko. Waliohusika wakaomba radhi kwa shambulio la 2020 na lile la 1997, viongozi wa dini wakaahidi ulinzi, Wahindu wakasamehe. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ikashikilia kwamba rupia milioni 33 zirejeshwe na wahusika. Viongozi wa dini 11 waliokuwa miongoni mwa washtakiwa wakasita kulipa fungu lao, na mwisho wa yote fedha ikatoka kwenye mfuko wa Wahindu wenyewe. Aliyevunjiwa nyumba ya ibada akamlipia aliyeivunja, ili amani ikae.

Wapo watakaosema huo ndio moyo wa dini, na sitabishana nao hapa mbele ya mashehe na wachungaji. Lakini kama mtu anayetazama sheria, naona msamaha uliotolewa na mtu asiye na pa kukimbilia si msamaha ule ule anaoutoa mtu mwenye nguvu sawa na aliyemkosea. Suluhu za wazee tunazijua hata kwetu, tunazipenda, na nyingi zimeokoa damu. Zisigeuzwe tu kuwa njia ya kumwondolea mkosaji bili.

Bhong

Agosti 2021, miezi saba tu baada ya Teri, ikawa zamu ya mji wa Bhong, wilaya ya Rahim Yar Khan, jimbo la Punjab. Mtoto wa Kihindu wa miaka 8 alidaiwa kukojoa katika maktaba ya madrasa. Akafunguliwa kesi ya kukashifu dini. Miaka 8! Mahakama ilipompa dhamana, watu walifunga barabara kuu, wakaingia katika hekalu la Ganesh wakavunja sanamu kwa vyuma. Familia za Kihindu zikakimbia makwao.

Hapa dola ilifanya kazi kwa kasi ambayo haikuonekana Karak. Hekalu lilikarabatiwa katika siku chache, watu zaidi ya 90 wakakamatwa, mashtaka dhidi ya mtoto yakafutwa, na Mei 2022 mahakama ya kupambana na ugaidi mjini Bahawalpur ikawafunga watu 22 miaka mitano kila mmoja. Naipongeza. Lakini baina ya dhamana na nyundo palikuwa na siku kadhaa, na katika siku zile kila mwenye masikio pale mjini alijua kinachopikwa. Mahakama ya Juu yenyewe iliwakemea wakuu wa polisi kwa hilo.

Mfano wa Bangladesh unafanana. Oktoba 2021, wakati wa sikukuu ya Durga, msahafu ulikutwa umewekwa juu ya sanamu katika banda la ibada mjini Comilla. Picha zikaruka mitandaoni, mahekalu na nyumba za Wahindu zikashambuliwa katika wilaya kadhaa, watu wakafa. Baadaye polisi walisema kamera zimemwonyesha mtu aliyeutoa msahafu msikitini usiku na kwenda kuuweka pale, na huyo hakuwa Mhindu. Ukweli ulifika, ila ulikuta majivu. Waandishi wa habari mliomo humu, saa zile za mwanzo ni zenu kuliko za majaji. Na tuseme haki: Agosti 2024, serikali ya Dhaka ilipoanguka na polisi wakatoweka mitaani, wanafunzi wa madrasa walikwenda kulala milangoni mwa mahekalu kuyalinda.

Karatasi

Sasa nije kwenye lililonileta. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, Wahindu na Masingasinga walihama Pakistan kwa mamilioni, wakaacha mahekalu, shule, mashamba na wakfu. Aprili 1950 mawaziri wakuu Nehru na Liaquat Ali Khan walitia saini mkataba wa kuwalinda walio wachache pande zote mbili. Mwaka 1960 Pakistan ikaunda bodi ya kusimamia mali za wakfu za waliohama, na sheria ya mwaka 1975 ndiyo inayoiongoza hadi leo. Kwa maneno mengine, mwenye funguo za mahekalu mengi ni ofisi ya serikali, si waumini.

Tunajua matokeo kwa sababu Mahakama ya Juu iliuliza. Juni 2014, katika hukumu iliyozaliwa na shambulio la kanisa la Peshawar la mwaka uliotangulia, Jaji Mkuu Tassaduq Hussain Jillani aliagiza liundwe baraza la taifa la walio wachache, kikosi maalumu cha polisi cha kulinda nyumba za ibada, na mitaala isiyofundisha chuki. Utekelezaji ukasuasua kiasi kwamba mwaka 2019 Mahakama ilimteua ofisa mstaafu wa polisi, Shoaib Suddle, awe tume ya mtu mmoja kuufuatilia. Ripoti iliyofikishwa Mahakamani mwaka 2021 ilisema kati ya mahekalu 365, bodi inasimamia 13. Mengine 65 yameachiwa Wahindu wajitegemee. Yaliyobaki, 287, yamo mikononi mwa wavamizi wa ardhi.

Hakuna umati uliovunja mahekalu 287. Yameliwa na mpangaji aliyeacha kulipa kodi, na karani aliyebadilisha faili, na mwenye fedha aliyetaka fremu za maduka. Ndiyo maana kikosi maalumu cha polisi, hata kingeundwa kesho, kisingeyarudisha.

Karatasi inaweza pia kuzuia hekalu lisizaliwe. Wahindu wa Islamabad, takriban 3,000 kwa makadirio ya wakati ule, walipewa kiwanja katika mji mkuu huo cha kujenga hekalu na mahali pa kuchomea maiti. Julai 2020 ujenzi ulisimamishwa. Kisa, kibali cha ramani hakijakamilika. Nyuma ya kibali kulikuwa na kelele za waliosema haifai hekalu jipya katika nchi ya Kiislamu. Serikali ikalipeleka suala kwenye Baraza la Itikadi ya Kiislamu, na Oktoba wanazuoni wale wakajibu kwamba hawaoni kizuizi cha sheria wala cha dini, wakautaja na mkataba wa 1950. Hapo ndipo mamlaka ya mji iliporuhusu ukuta wa kuzungushia kiwanja. Fatwa ilikuja haraka kuliko kibali cha ukuta.

Bwawa la Katas

Katas Raj, wilaya ya Chakwal, ni mkusanyiko wa mahekalu ya kale kuzunguka bwawa ambalo Wahindu huamini limetokana na machozi ya mungu Shiva aliyempoteza mkewe. Ibada ya pale ni kuoga. Viwanda vya saruji vilivyojengwa jirani vilichimba visima virefu, maji ya ardhini yakashuka, bwawa likakauka. Hakuna aliyerusha jiwe, na sidhani kama kuna mwenye kiwanda aliyewachukia Wahindu. Ila hekalu la kuogea lisilo na maji limefungwa, hata kama milango iko wazi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliagiza viwanda vile vitafute maji kwingine. Tukilinda nyumba za ibada kwa kifungu cha kuitukana dini peke yake, kisa kama hiki hakina hata pa kufunguliwa jalada, maana hakuna nia ya kutukana. Kinaangukia kwa afisa wa mazingira na bodi ya maji, watu ambao hatukuwaalika leo.

Kwetu

Msiseme hayo ni ya Asia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Walipoondoka, nyumba, maduka, shule na mahekalu vilibaki bila wenyewe, ikaundwa bodi ya kushika mali zao, kama ile ya Pakistan. Sheria ya kurudisha mali hizo ilipitishwa mwaka 1982, na mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uganda ilikuwa bado inachunguza nani alichukua nini kupitia bodi hiyo.

Kwa hiyo, kwenye vikundi vya mchana, naomba tusipoteze muda kuandika tamko la kulaani. Kila kikundi kichukue wilaya moja ambayo wanakikundi wanaifahamu, kijibu maswali yafuatayo. Hekalu la pale limeandikishwa kwa jina la nani: wadhamini walio hai, au wazee waliokwisha kufa bila mtu kubadilisha hati? Kodi ya ardhi imelipwa hadi mwaka gani? Msimamizi wa hekalu ana namba ya simu ya mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), na ya imamu na padri wa mtaa huo, na wao wana yake? Likitokea la kutokea, fedha ya kujenga upya itatoka fungu lipi kabla kesi haijaisha? Wawakilishi wa jumuiya za Kihindu mgawanyike, msikae kikundi kimoja, kwa sababu majibu ya swali la kwanza mnayo nyinyi, na majibu ya lile la tatu yako kwa hawa wengine.