Ufunguo wa London na Simu ya Kariakoo

 Kuanzia Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025, mteja wa Apple wa Uingereza hakuweza tena kuwasha ulinzi wa juu kabisa wa picha zake, kumbukumbu zake na nakala ya simu yake iliyohifadhiwa iCloud. Wengine wanasema Apple imefanya vyema kuuondoa ulinzi huo kuliko kuutoboa kwa amri ya serikali. Wengine wanasema imekimbia vita. Wabishane. Kinachotukosesha usingizi ni kwamba amri ya siri ya serikali ya Uingereza, kwa jinsi ilivyoripotiwa, haikuishia kwa Waingereza. Ilitaka uwezo wa kufungua taarifa za mteja wa Apple popote alipo duniani. Popote, yaani na Temeke. Na sisi huku Tanzania hatukuulizwa.

Tazama amri za namna hii zinavyotembea. Zinatolewa chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 2016. Kampuni ikishaipokea, hairuhusiwi hata kusema kwamba imeipokea. Serikali ikiulizwa, haithibitishi wala haikanushi. Kama gazeti la Washington Post lisingeandika habari hii tarehe 7 Februari 2025, mwenye iPhone wa Mbeya angeendelea kupiga picha za wanawe, akidhani anayezitazama ni yeye na bibi yao tu. Waingereza wenyewe, wenye Bunge lao na mahakama zao, walilisoma jambo hili gazetini. Sisi ndiyo kabisa, hatukuulizwa.

Tunaambiwa kila mara kwamba milango hii ya nyuma, yaani njia za siri za kufungua kilichofungwa, ni kwa ajili ya kuwanasa magaidi na wanaodhalilisha watoto. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna mzazi atakayeibeza. Lakini ufunguo malaya haumjui aliyeushika. Ukishachongwa, umechongwa. Leo uko kwa askari, kesho hujui uko mfukoni mwa nani.

Waulizeni Wagiriki. Mwaka 2004, Athens ikiwa kwenye pilikapilika za Olimpiki, watu wasiojulikana walijipenyeza kwenye mitambo ya Vodafone ya nchi ile. Mitambo ilitengenezwa na Ericsson, na ndani yake mlikuwa na programu ya kusikiliza simu, iliyokusudiwa kutumiwa na vyombo vya dola vyenye kibali. Vodafone haikuwa imeinunua sehemu hiyo. Ilikuwemo tu, imelala. Wageni wakaiamsha. Kwa miezi kadhaa wakasikiliza simu za watu wapatao 100, akiwemo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe na baadhi ya mawaziri wake. Waziri akipiga simu, nakala ya mazungumzo inakwenda kwenye simu nyingine ya malipo ya kabla, imeshikwa na mtu asiyejulikana. Na unajua walishtukaje, mwanzoni mwa 2005? Meseji za wateja zilianza kutofika. Meseji! Kumbe wangekuwa mafundi hodari kidogo zaidi, labda wangekuwa wanasikiliza mpaka leo.

Hadithi ya Marekani ni mbichi zaidi. Mwaka 1994 walipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za simu ziache nafasi ya polisi kusikiliza. Mwaka 2024 ikabainika kwamba wadukuzi, ambao Marekani inasema ni wa China na China inakana, wameingia kwenye kampuni hizo, zikiwemo AT&T na Verizon, na wakaifikia mifumo ile ile iliyotengwa kwa ajili ya vibali vya mahakama. Desemba, maofisa wa usalama wa Marekani wakawashauri wananchi watumie programu za ujumbe zilizofungwa kwa fumbo kutoka simu hadi simu. Ni serikali hiyo hiyo ambayo mwaka 2016 iliibana Apple mahakamani iifungue iPhone ya mshambuliaji mmoja wa San Bernardino. Miaka minane, wimbo umegeuka.

Shaka hizi hazikuanza na simu. Septemba 1999 mtaalamu wa Kanada, Andrew Fernandes, alitangaza kwamba ndani ya Windows NT mna ufunguo wa pili wenye jina la NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano. Microsoft ilikana, ikasema ni ufunguo wa akiba, na jina limetokana na taratibu za kuuza programu za fumbo nje ya nchi, ambazo hukaguliwa na NSA. Hakuna aliyethibitisha vinginevyo, na sisi hatusemi Microsoft ilidanganya. Tunachosema ni kwamba mfumo endeshi uliofungwa, usioruhusiwa kuusoma, hauwezi kukumalizia shaka yako, iwe ya kweli au ya kijinga. Mei 2014 China ilipiga marufuku kununua Windows 8 kwa kompyuta za serikali kuu. Wao waliamua. Sisi tuliamua lini? Hatukuulizwa, na tuseme ukweli, sisi nasi hatukuuliza.

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, saa za mchana. Kijana amepokea laptop ya mtumba, anachomeka flashi, anapiga window huku anakula mihogo. Mteja analipa na kuondoka. Flashi ile imetoka wapi, aliyeipika hiyo Windows isiyo na leseni ni nani, ndani ameacha nini, hakuna mwenye habari. Kibanda cha pili wanauza iPhone za mtumba, nyingine zimetoka Uingereza. Tumelisema hili hapa mara nyingi, mpaka wapo waliotuandikia kwamba tunachosha. Tutaendelea kuchosha.

Na msidhani Afrika haijaonja. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliripoti kwamba katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo tulilozawadiwa na China, taarifa za kompyuta zilikuwa zikipelekwa Shanghai kila usiku, kati ya saa sita na saa nane. China ilikanusha, na viongozi wa Umoja nao wakakanusha. Sawa. Lakini je, uliwahi kuona ripoti ya uchunguzi iliyowekwa mezani, wewe mwenye jengo, ukaisoma? Hatukuulizwa, wala hatukuambiwa.

Hofu yetu kubwa, tuitamke waziwazi, iko nyumbani. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN wajiandikishe na kutaja anuani zao za IP kabla mwezi haujaisha. Mdhibiti wa namna hiyo anaitazama London kwa makini sana. Uingereza ikifanikiwa, kila serikali itasema: kama wao wameweza, kwa nini sisi tusiweze? Na Apple itajibu nini, kwamba ufunguo una rangi?

Huko Washington, Seneta Ron Wyden wa Democrat na Mbunge Andy Biggs wa Republican, vyama vinavyotupiana mawe kila siku, waliandika barua pamoja kuipinga amri hii ya Uingereza. Waheshimiwa wabunge wetu, kalamu zenu ziko wapi? Ulizeni! Muulizeni waziri kama kuna amri kama hiyo hapa nchini. Muulizeni kompyuta za hospitali na mahakama zinaendeshwa na mfumo gani, na nani amewahi kuukagua. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mliozinduliwa Aprili 2024, taarifa zetu ndizo zinazotajwa: waandikieni Apple, na nakala mpelekeeni Balozi wa Uingereza. Msisubiri kuulizwa. Hakuna atakayewauliza!

Na wewe msikilizaji mwenye iPhone, ulinzi ule wa iCloud kwako haujaondolewa, ila haujiwashi. Ingia kwenye mipangilio uuwashe leo. Ile namba ndefu ya kurejesha utakayopewa iandike kwenye karatasi, uitunze pamoja na hati zako, kwa sababu ukiipoteza na ukasahau nywila, hata Apple yenyewe haitaweza kukufungulia.