Mzigo Mzito Tumemtwisha Binti

Mwezi wa Julai nilikuwa Ziba, wilayani Igunga, nikisubiri basi la kwenda Nzega. Karibu yangu walisimama mzee mmoja na binti zake wawili. Mbele yao palikuwa na sanduku la bati jipya, ndoo, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, jembe na fagio. Sikuhitaji kuuliza. Kila aliyepata kusoma shule ya bweni ya serikali anaijua mizigo hiyo. Binti mkubwa alikuwa anakwenda kuanza kidato cha tano Tabora, katika shule ya wasichana ambayo sote tunaiita Tabora Girls.

Nikampa mzee hongera. Akanijibu: "Ndugu yangu, huyu kasoma miaka minne shule ya kutwa. Kila siku jua likizama nilikuwa nasimama barabarani kumwangalia. Leo nikishampandisha basi, nitalala usingizi."

Juma hili nataka tuzungumze juu ya usingizi wa mzee huyu.

Watu wa pwani wana msemo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Msemo huo haukutoka hewani. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikwenda kwa mabega ya watu wa huku. Waliteremka pwani na pembe za ndovu, wakapanda bara na vitambaa na shanga. Lakini mpagazi hakutembea peke yake. Mbele alikuwako kirangozi aliyeijua njia, na jioni msafara ulipotua, watu walikata miiba wakazungusha boma, ndipo wakalala.

Shule ya wasichana ya Tabora, iliyoanzishwa na serikali ya Kiingereza miaka ya 1920 ikielekea ukingoni, ilikuwa boma la namna hiyo. Huko nyuma wanafunzi wake walitoka mbali, wengine kwa reli ya kati, wengine kwa ile ya Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Katika miaka ya 1960 mkuu wake alikuwa Mama Barbro Johansson, mzaliwa wa Sweden aliyekuwa raia wetu na mbunge wetu, ambaye kabla ya hapo alikwisha kuanzisha shule ya wasichana Kashasha, huko Bukoba. Leo Tabora Girls ni mojawapo ya shule zinazochukua wanafunzi wenye vipaji maalumu.

Tunapozisifu shule za namna hii tunapenda kutaja mila zake: kengele ya alfajiri, mchakamchaka, foleni ya uji, kupiga deki bweni, shamba la shule, dada wa kidato cha juu anayekabidhiwa mgeni ili amwonyeshe njia. Mila hizo ni nzuri. Lakini nasema mila iliyo kubwa kuliko zote hatuitaji, kwa sababu haiimbwi siku ya mahafali. Ni kwamba jioni ikifika, binti yuko ndani ya uzio, ana taa, ana kitanda, na kuna mtu mzima, matroni, ambaye kazi yake ni kumhesabu. Njia na usiku, shule imembebea.

Sasa tutazame upande wa pili. Kuanzia mwaka 2004 tulijenga shule za sekondari za kata kwa nguvu kubwa. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Hayo ni mafanikio, na sitaki mtu anisikie vibaya. Maelfu ya wasichana ambao zamani wangeishia darasa la saba leo wanavaa sketi za sekondari.

Lakini tulijenga madarasa, tukasahau boma. Kata za huku kwetu ni pana. Binti anaondoka nyumbani nyota zingali angani, anarudi giza linaingia. Njiani anakutana na kijana wa bodaboda mwenye lifti isiyo ya bure. Wengine wanapangishiwa chumba karibu na shule, wanayaita magheto, na huko mtoto wa miaka 15 anajipikia, anajilinda na kujihesabu mwenyewe. Mzigo ule ambao Tabora Girls humbebea mwanafunzi, huku tumemtwisha mtoto kichwani.

Utaniambia sheria ipo. Kweli ipo. Tangu mwaka 2016 anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa anaweza kufungwa miaka 30. Lakini hebu tujiulize. Ng'ombe akiibwa huku Unyamwezini na Usukumani, mwano unapigwa, sungusungu wanatoka na mishale, kijiji kizima kinafuata nyayo mpaka apatikane. Binti akiharibiwa masomo, nani anapiga mwano? Mara nyingi wazee wawili wanakaa chini ya mwembe, wanapatana ng'ombe kadhaa, na shahidi haonekani mahakamani.

Na aliyejifungua je? Kwa miaka mingi tulimfukuza. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi darasani. Mlango umefunguliwa, lakini kupita mlangoni si kazi nyepesi endapo wenzake watamcheka na mwalimu atamtolea mfano mbaya mbele ya darasa. Hapo ndipo ningependa ile mila ya dada wa kumpokea mgeni itumike. Huyu naye ni mgeni. Apewe dada.

Ombi langu ni fupi. Serikali imeamua kujenga shule ya sayansi ya wasichana katika kila mkoa wa bara, shule 26 kwa jumla. Ni jambo jema, lakini kata hazihesabiki kwa makumi. Nguvu ile ile iliyosomba mawe ya madarasa isombe mawe ya bweni. Si lazima liwe la ghorofa. Liwe na paa, vitanda, choo, taa, uzio na mama mmoja mwenye kulipwa. Halmashauri itie mkono, wazazi watoe mahindi na kuni.

Basi lilipofika Ziba, kondakta alipandisha sanduku juu, dada mtu akaingia ndani. Mdogo wake, kidato cha pili, akabaki amesimama na begi lake la madaftari. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa, kesho yake angeianza tena njia ile ile. Nikamwuliza mzee: "Na huyu?"

Mzee akamtazama mtoto, kisha akatazama barabara. Hakunijibu.

Ndugu msikilizaji, jibu tunalo sisi.