Tetekuwanga: Kabla Vipele Havijaonekana
Msikilizaji, mama anapoona malengelenge ya kwanza kifuani mwa mwanawe, tetekuwanga huwa imeshaanza kuambukiza tangu siku 1 au 2 zilizopita. Virusi vyake husambaa kwa chafya na kikohozi, na vimo pia katika majimaji ya malengelenge. Ndiyo maana darasa zima huugua. Mtoto abaki nyumbani mpaka vipele vyote vikauke na kufanya vigaga. Mkate kucha, taulo lake liwe lake peke yake. Nakusihi sana, usimpe aspirini: inaweza kudhuru ini na ubongo wake. Na jirani mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga asije kumjulia hali. Kama ameshakaa naye, awahi kliniki leo hii, asisubiri vipele.