Leseni na Haki: Udhibiti wa Sarafu za Mtandaoni nchini Kenya kwa Mtazamo wa Haki za Binadamu

Sarafu za mtandaoni ni thamani inayohifadhiwa na kuhamishwa kwa kompyuta bila kutolewa na benki kuu yoyote, na miamala yake huandikwa katika daftari la pamoja liitwalo blokucheini, ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja ili asiwepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kulibadilisha peke yake. Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi Januari 2009, ndiyo iliyofungua njia, na zilizofuata ni nyingi, zikiwamo zile ambazo thamani yake hufungwa kwenye dola ya Marekani ili zisipande na kushuka ovyo. Mjadala wa kuzidhibiti umeongozwa kwa muda mrefu na watu wa benki, wa kodi na wa usalama, na kila mmoja amekuja na swali lake: je, mfumo wa fedha utayumba, serikali itapata chake, wahalifu watapata pa kujificha? Makala hii haiyapuuzi maswali hayo. Inachoshikilia ni kwamba mtu anayezitumia sarafu hizo ana haki zilizokwisha kuandikwa katika Katiba, na kwamba haki hizo zinapaswa kupimwa kabla ya leseni kutolewa, kwa kuwa baadhi ya madhara ya biashara hii hayarekebishiki baada ya kutokea.

Kenya inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu imepita karibu hatua zote. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwatahadharisha wananchi kwamba Bitcoin na sarafu za aina yake si fedha halali na kwamba anayepata hasara hana pa kushika. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilikataa kutoa amri ya muda ya kuilazimisha kampuni ya simu ya Safaricom irejeshe huduma zake za malipo za M-Pesa kwa kampuni ya Lipisha, iliyokuwa ikiiunganisha kampuni ya BitPesa na wateja wake wa Bitcoin. Kwa miaka iliyofuata dola ilibaki na onyo hilo bila sheria, huku biashara ikikua. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilianzisha kodi ya asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali kuanzia Septemba 1, 2023, na ikaendelea kutozwa hadi ilipofutwa mwaka 2025 na mahali pake kuwekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma. Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe, inayozigawia Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni na kusimamia, ilitiwa saini na Rais Oktoba 2025. Kwa hiyo kwa takriban miaka miwili Mkenya alitakiwa kulipa kodi ya biashara ambayo dola hiyohiyo haikuwa imeweka chombo cha kumlinda ndani yake, na mpangilio huo wa hatua unaonyesha wazi ni maslahi ya nani yaliyotangulizwa.

Msukumo mwingine ulitoka nje. Kikosi Kazi cha kimataifa kinachosimamia viwango vya kupambana na utakatishaji fedha, kijulikanacho kwa kifupi chake FATF, kilipanua viwango vyake mwaka 2018 na 2019 ili viwahusu watoa huduma za sarafu hizi, na Februari 2024 kikaiweka Kenya katika orodha ya kijivu, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa sababu ya mapungufu katika mifumo yake. Nchi iliyomo katika orodha hiyo hupata taabu katika mahusiano ya benki zake na benki za nje, ndiyo maana serikali huharakisha kutunga sheria ili kutoka. Haraka hiyo inaeleweka, lakini sheria iliyotungwa kwa kumtazama mkaguzi wa nje ina hatari ya kumwona mteja kama mshukiwa na kusahau kumwona kama raia.

Worldcoin na mipaka ya ridhaa

Julai 2023 mradi wa Worldcoin, unaoendeshwa na kampuni ya Tools for Humanity ambayo miongoni mwa waanzilishi wake ni Sam Altman na Alex Blania, uliwavuta maelfu ya watu hadi kwenye jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi. Utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi: mtu alipakua programu kwenye simu, akapanga foleni, akasimama mbele ya kifaa cha mviringo chenye rangi ya fedha kilichoskani mboni za macho yake, kisha akaandikiwa tokeni 25, yaani sarafu za mradi huo, ambazo kwa bei ya siku zile zilikaribia shilingi 7,000 za Kenya. Zaidi ya Wakenya 300,000 walikuwa wamejiandikisha kabla ya Wizara ya Usalama wa Ndani kuusimamisha mradi Agosti 2, 2023. Wengi waliohojiwa na vyombo vya habari katika foleni zile walisema waziwazi kwamba walifuata pesa, na hakuna haki ya kuwalaumu, kwa maana shilingi 7,000 kwa kijana asiye na kazi ni kodi ya chumba na unga wa mwezi.

Suala la kisheria liko hapo hasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili vinavyomtambulisha mtu mmoja na kumtofautisha na wengine wote, katika kundi la data nyeti. Inataka ridhaa ya mhusika itolewe kwa hiari na kwa kuelewa, na kifungu cha 31 kinaagiza tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza uchakataji wenye hatari kubwa kwa haki za watu. Mtu anaweza kubadilisha neno la siri, laini ya simu na hata jina, lakini mboni za macho hana namna ya kuzibadilisha, kwa hiyo kosa likitokea atakaa nalo maisha yake yote. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilikuwa imeitaka kampuni iache kukusanya data hizo tangu Mei 2023, lakini foleni za Julai zikaendelea.

Taasisi ya Katiba Institute ilifika mahakamani, na Mei 5, 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamua kwamba data zilikusanywa bila tathmini iliyotakiwa na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha sarafu haikuwa ridhaa ya kisheria. Aliamuru data zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna. Uamuzi huo ni wa thamani kubwa, kwa kuwa ulipotolewa nchi haikuwa na sheria yoyote mahususi ya kudhibiti sarafu za mtandaoni, na ulinzi ukapatikana katika sheria ya data na ibara ya 31 ya Katiba inayolinda faragha. Lakini ulikuja miezi 21 baada ya mradi kusimamishwa, kwa juhudi za walalamikaji wenye mawakili. Kama tathmini ya athari ingekuwa sharti la kupewa kibali, na kama ingesomwa na mtu mwenye mamlaka ya kukataa, foleni za KICC zisingekuwapo.

Daftari lililo wazi kwa wote

Tatizo la pili halionekani kwa urahisi, na pengine ndilo zito zaidi kwa miaka ijayo. Watu wengi huamini kwamba sarafu za mtandaoni zinaficha kila kitu, ilhali daftari la Bitcoin liko wazi na yeyote mwenye intaneti anaweza kuliona. Kinachofichika ni jina tu, kwa kuwa badala yake kuna anwani, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kanuni za FATF zinamtaka mtoa huduma amtambue mteja wake, na zinataka miamala inayovuka kiwango cha dola 1,000 isafiri pamoja na taarifa za anayetuma na anayepokea. Lengo ni zuri, lakini matokeo yake ni kwamba mahali fulani panakuwa na orodha inayounganisha majina na anwani, na orodha hiyo ikivuja, aliyeipata haoni miamala ya kipindi kimoja tu kama ambavyo angeiona katika taarifa ya benki iliyoibwa, bali anaweza kufuata historia yote ya anwani hiyo, ya nyuma na itakayokuja. Kwa mwanamke aliyemkimbia mume mkatili, au mwandishi wa habari anayepokea msaada kutoka nje, hilo ni suala la usalama wa maisha.

Ikumbukwe kwamba Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unalinda haki ya kumiliki mali katika ibara ya 14, lakini hauna ibara inayotaja faragha. Ulinzi wa Mwafrika katika eneo hili unategemea katiba za nchi, kama ibara ya 31 ya Kenya na ya 16 ya Tanzania, pamoja na sheria za data, ambazo Tanzania nayo ilitunga mwaka 2022. Pengo hilo linamwongezea mdhibiti wa kitaifa wajibu, kwa kuwa kwa mwananchi wa kawaida ngazi iliyo juu ya taifa iko mbali.

Kufungiwa mali

Tatizo la tatu linahusu mali yenyewe. Katika biashara ya sarafu ya mtu kwa mtu, muuzaji huziweka sarafu zake kwenye jukwaa la mtandaoni, jukwaa likazishikilia, mnunuzi akatuma shilingi moja kwa moja kwenye simu ya muuzaji, naye akishaona ujumbe wa kupokea huziachilia sarafu. Muuzaji hana njia ya kujua shilingi alizopokea zimetoka wapi. Zikiwa zimeibwa kwa mtu wa tatu, namba yake ndiyo inayoonekana kwanza, na salio lote linaweza kufungiwa, ikiwamo ada ya shule isiyohusika kabisa na muamala ule. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya inalinda mali na ya 47 inampa mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka, za haki na zenye sababu zilizoandikwa, na hakuna msingi wa kuzisimamisha ibara hizo eti kwa sababu mali yenyewe haishikiki.

Nigeria imeonyesha upande wa kisiasa wa jambo hili. Wakati wa maandamano ya Oktoba 2020 dhidi ya kikosi cha polisi cha SARS, wanawake wa Feminist Coalition waliokuwa wakichangisha fedha za mawakili na matibabu walizibiwa njia za benki, wakahamia Bitcoin. Februari 2021 Benki Kuu ya nchi hiyo iliagiza benki zifunge akaunti za wanaojihusisha na sarafu hizo, na agizo likadumu hadi Desemba 2023. Biashara haikufa, ilihamia kwenye mikono ya watu binafsi, ambako mteja hana mlinzi yeyote.

Hata hivyo, hoja ya haki za binadamu isichukuliwe kuwa ni kilio cha kutaka udhibiti ulegezwe. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba takriban watu 120,000 nchini Myanmar na 100,000 nchini Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni, utapeli ambao mapato yake kwa sehemu kubwa hupita katika sarafu hizi. Wakenya na Waganda wamekuwa miongoni mwa waliookolewa, baada ya kuahidiwa kazi nzuri nchini Thailand. Kuzifuatilia fedha za watesaji hao ni kutetea haki ya mtu ya kutofanywa mtumwa, na ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya inaruhusu haki nyingine, kama faragha, ziwekewe mipaka kwa sheria pale sababu ni ya msingi na kipimo ni cha kadiri. Ufuatiliaji wa mtu mmoja mwenye kutiliwa shaka unapita kipimo hicho. Kuwafuatilia wateja wote daima, kwa data zisizo na tarehe ya kufutwa, hakupiti.

Sheria ya 2025 imeacha mambo mengi yaamuliwe katika kanuni, na hapo ndipo ilipo nafasi ya kuzilinda haki hizi. Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zinaombwa zisipokee ombi lolote la leseni lisiloambatana na tathmini ya athari iliyopitiwa na Kamishna wa Kulinda Data. Zinaombwa pia ziweke muda wa mwisho wa kumfungia mteja mali yake bila amri ya mahakama, na zimpe dawati la malalamiko linalojibu kwa Kiswahili, bila kumdai wakili.