Kuhama Jimbo na Hesabu Zake

(Mazungumzo ya mwanachama wetu wa zamani, aliyealikwa kutoka Columbus, Ohio, kwenye sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Houston, Texas, 2025)



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Pili nawashukuru ninyi kwa kunikumbuka. Kikundi kimetimiza miaka 10, na mimi nilikaa ndani yake miaka mitatu tu, 2016 hadi 2019, kisha nikahama. Katibu aliniambia kwamba wenzetu watatu wanajiandaa kuhama jimbo kabla shule hazijafunguliwa, akasema, "Njoo uwaeleze yaliyokupata." Hakusema njoo uwafundishe. (Vicheko)

Basi nitaeleza yaliyonipata, na sitaficha, maana wengine wenu mliokaa mbele hapa mliyaona kwa macho.

Mwaka 2019 tulikuwa wanachama 12, kila mmoja akitoa dola 200 kwa mwezi. Wenzetu wa Kenya wakiita chama, wa Kongo wakisema likelemba, sisi wa Tanzania tukisema upatu, lakini pesa ilikuwa moja: dola 2,400 kwa mwenye zamu. Mimi zamu yangu ilikuwa ya pili, Februari. Mwezi wa nne shemeji yangu akapiga simu kutoka Columbus. Kazi zipo kwenye maghala, wanalipa dola moja na nusu zaidi kwa saa, kodi ya nyumba ni nafuu. Mume wangu akasema twende. Mimi nikasema twende. Tulikaa mezani usiku mmoja, tukaandika hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Pesa ya upatu 2,400, akiba yetu 1,500, jumla 3,900. Kampuni ya kuhamisha mizigo 1,900. Mafuta ya gari letu na chakula cha njiani 400. Zinazobaki 1,600 ni za nyumba mpya. Tukalala usingizi mzuri sana.

Hebu sasa sikieni ilivyokuwa. Nyumba ilitaka kodi ya mwezi wa kwanza 950, dipoziti 950, na dola 50 ya maombi kwa kila mtu mzima. Hapo ni 2,000. Safari ikala 450 kwa sababu tulilala njiani Tennessee, ni maili kama 1,200 na watoto wadogo hawakubali kukaa kwenye gari saa kumi na nane mfululizo. Lori la mizigo lilichelewa siku 11, tukanunua magodoro, sufuria na mapazia kwa dola 350. Na lilipofika, wale watu wakakataa kufungua mlango. Walisema mizigo ni mingi kuliko tulivyowaambia, tutoe 3,400 au wanaondoka nayo. Jumla 6,200, na sisi tulikuwa na 3,900. Tofauti ilitoka kwa shemeji na kwenye kadi ya mkopo ambayo tumemaliza kuilipa 2022.

Nikae kidogo kwenye hilo la lori, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumizwa zaidi, na mengi yake tungeweza kuyazuia.

Kampuni tuliipata kwa simu. Hawakuja kuangalia vitu vyetu, waliuliza tu vyumba vingapi, wakataja bei, wakataka pesa ya kutangulizia kwa njia ya kutumiana haraka, ambayo ikienda hairudi. Kampuni inayovusha mizigo kutoka jimbo hadi jimbo inatakiwa iwe na namba ya Wizara ya Usafirishaji ya serikali kuu, ile inayoandikwa USDOT, na namba hiyo unaitafuta bure kwenye kumbukumbu za serikali, unaona kama kampuni ipo kweli na imelalamikiwa mara ngapi. Inatakiwa pia ikupe kijitabu cha haki zako. Sisi hatukupewa kijitabu wala hatukukiuliza.

Halafu kuna makadirio ya aina mbili. Yapo yanayofunga, yaani bei ni ile ile iliyoandikwa kwa vitu vile vile vilivyoorodheshwa. Na yapo yasiyofunga, ambayo bei ya mwisho inategemea uzito. Lakini hata hayo yasiyofunga, sheria inasema mlangoni huwezi kulazimishwa kulipa zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ndipo upewe mizigo yako. Kama kuna zaidi, wakuletee bili baadaye, baada ya siku 30. Ya kwetu ilikuwa 1,900, kwa hiyo mwisho wa kudaiwa pale mlangoni ulikuwa 2,090. Tulitoa 3,400 tukiwa tumesimama juani, watoto wanalia, na karatasi yenyewe ikiwa kwenye mkoba wangu. Wangeweza kudai juu ya hapo kama tungewaongezea vitu au kazi ambayo haikuandikwa, lakini sisi hatukuongeza hata kijiko.

Na televisheni ilipasuka. Nikadai. Wakanionyesha mahali nilipotia saini kukubali fidia ya senti 60 kwa kila paundi ya uzito. Televisheni ya paundi 40 ni dola 24! (Minong'ono) Ipo fidia ya thamani kamili, inalipiwa zaidi, na wewe ndiwe unayechagua kwa saini yako. Jamani, msitie saini barazani huku mnafunga maboksi.

Leo ningefanya nini? Ningekodi lori niendeshe mwenyewe na mume wangu, au nisingebeba. Lori kubwa la futi 26 linakwenda kama maili 10 kwa galoni. Kwa maili 1,200 ni galoni 120. Galoni ikiwa dola tatu na nusu, mafuta peke yake ni 420, kabla ya kukodi na bima, na ulizeni bima ya gari lenu kama inafunika lori la kukodi, mara nyingi haifuniki. Ukishapata jumla, tembea nyumbani kwako na kalamu. Lile kochi nililolibeba hadi Ohio ningepata kama lile kwa dola 150 kwa wanaohama mwezi ule ule kule. Nilibeba kochi kwa sababu lilikuwa la kwanza kununua Marekani. Nalielewa hilo, silaumu mtu, ila lisiingie kwenye hesabu kwa jina la akiba.

Dipoziti ya huku nayo karibu niipoteze. Sheria ya Texas inampa mwenye nyumba siku 30 baada ya wewe kutoka kurudisha pesa au kukueleza amekata nini, lakini halazimiki mpaka umempa anwani yako mpya kwa maandishi. Kwa maandishi, si kwa mdomo pale ofisini. Piga picha kila chumba kikiwa kitupu. Na kabla ya yote soma mkataba unasema utoe taarifa siku ngapi. Wetu ulisema 60, sisi tulitoa 30. Hiyo nayo tuliilipa, kwa kukatwa kwenye dipoziti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye bahasha yetu: siku zisizo na mshahara. Mume wangu alianza kazi wiki ya pili tangu tufike, na malipo ya kwanza yalikuja wiki tatu baadaye. Mimi nilipata kazi mwezi wa nane. Bima ya afya ya kazini inaweza kukusubirisha hadi siku 90. Na Medicaid ya watoto haihami na wewe, kila jimbo lina yake, unafunga ya huku unaomba upya kule. Msaada wa chakula vivyo hivyo, na huwezi kupokea kwa majimbo mawili mwezi mmoja. Mwenye mtoto wa pumu achukue dawa za kutosha kabla ya kuondoka, achukue na kadi za chanjo, shule itaziuliza siku ya kwanza. Mwenye nyumba mpya naye anaweza kutaka barua ya kazi inayoonyesha mnapata mara tatu ya kodi. Kwa hiyo kama unaweza, mmoja atangulie. Alale kwa ndugu, apate karatasi za mshahara mbili, ndipo wengine wafuate. Ndoa haivunjiki kwa wiki sita, na kama itavunjika kwa wiki sita basi tatizo si kuhama. (Vicheko)

Na ile dola moja na nusu zaidi kwa saa? Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo. Ohio inakata, na jiji la Columbus nalo linakata asilimia 2.5 juu yake. Mwenye mshahara wa 3,000 kwa mwezi, jiji peke yake linachukua 75. Ongeza gesi ya kupasha nyumba joto, makoti na mabuti ya watoto wanne. Gari nalo lilitaka kubadilishwa namba na leseni ndani ya siku 30. Sisemi Ohio ni pabaya, mimi nipo mpaka leo na watoto wanasoma vizuri. Nasema linganisheni mshahara baada ya kukatwa.

Mtu asiwadanganye pia kwamba mtunze risiti mrudishiwe kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2017. Siku hizi imebaki kwa wanajeshi na wachache wengine. Bora kumwuliza mwajiri mpya kama anasaidia kuhama, kuuliza si aibu.

Kwa wenzetu ambao bado hawajawa raia, anwani mpya inapelekwa Idara ya Uhamiaji ndani ya siku 10. Na mwenye kesi mahakama ya uhamiaji apeleke na mahakamani pia, ndani ya siku tano, hizo ni ofisi mbili tofauti. Hili halina gharama lakini kulisahau kuna gharama kubwa mno.

Ndugu Mwenyekiti, nimebakiza moja, na nimelizungukazunguka makusudi.

Tulipohama mwisho wa Juni 2019 nilikuwa nimetoa michango sita. Nilikuwa nimebakiza sita, dola 1,200. Kwenye bahasha haikuwemo. Niliandika upatu upande wa pesa inayoingia, sikuiandika upande wa pesa inayotoka, kana kwamba mlinipa zawadi. Julai sikutuma. Agosti sikutuma. Katibu akipiga simu naiangalia inaita mpaka inanyamaza. Nikajiambia nitapiga nikiwa na pesa mkononi, na kadiri nilivyongoja ndivyo nilivyoona aibu zaidi. Huko nyuma mfuko wa maafa ukanifunikia mapengo mara mbili ili wenye zamu wasipungukiwe, na baadhi yenu mkasema maneno. Mlikuwa na haki.

Wa zamu ya 12 alikuwa mama mmoja ambaye wote mnamjua. Pesa yake ya Desemba alikuwa ameipangia fomu za uraia, yake na ya mumewe, wakati ule 725 kila moja. Mwezi wa tisa nikaona simu yake. Nikapokea kwa sababu nilidhani hajui. Alijua. Aliniuliza, "Watoto walifika salama? Baridi imeanza?" Hakutaja pesa. Tukaongea dakika kumi habari za baridi. Nilipokata nilikaa jikoni kwenye lile kochi, maana sebuleni halikuenea, nikalia.

Siku ile ile nilimpigia Katibu, nikasema ukweli: sina mia nne, nina sitini. Akasema tuma sitini. Dawa ya deni ni kulipa, hata kwa vijiko. Nilichukua zamu za usiku za Jumamosi ghalani, na mchango wa mwisho niliutuma tarehe 6 Desemba, siku moja kabla ya kikao.

Mwaka 2020 mliongeza kifungu kwenye katiba: mwanachama anayetarajia kuhama ndani ya mwaka anachukua zamu za mwisho, au analipa michango iliyobaki kabla hajaondoka. Nilisikia kuna waliosema kifungu ni kikali. Mimi kama ningeulizwa ningepiga kura ya ndiyo, maana kingeniokoa na simu zile. Ninyi watatu mnaohama, nimesikia mmoja wenu alishachukua Machi. Mwone Mweka Hazina leo kabla ya pilau, mwandike ni kiasi gani na kila tarehe ngapi, halafu ukaiandike na nyumbani kwenye hesabu yako, juu kabisa, mbele ya lori.

Yule mama wa zamu ya 12 fomu zao zilikwenda Februari 2020. Waliapa mwaka uliofuata. Amekaa pale mstari wa pili, mwenye kitambaa cha kijani, na nimemletea koti la baridi ingawa Houston halina kazi.

(Makofi)