Puti haikaushi ukuta

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kuta za nyumba zetu, hasa ukuta uliopigwa lipu zamani, ambao sasa uso wake umejaa vinundu, mikwaruzo na nyufa nyembamba kama unywele. Wengi wetu hudhani kuulainisha upya ni kazi ya fundi peke yake. Mimi si fundi, lakini chumba changu nimekipaka puti kwa mikono yangu, na nasema kazi hiyo inawezekana.

Inawezekana, ila haianzi na mwiko. Inaanza kwa kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na tofali. Ibandue, upazibe upya. Kisha bandika kipande cha plastiki ukutani, ukizibe pande zote kwa selotepu, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Hapo weka puti chini, utafute bomba linalovuja, bati lililotoboka au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi.

Ukuta ukiwa mkavu, kwangua rangi inayobanduka na chokaa inayoachia unga, kisha futa vumbi. Rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi: ilowanishe kabla ya kuikwangua, na watoto wakae mbali. Tia maji kwenye ndoo kwanza, ndipo unga ufuate, kidogo kidogo. Mchanganyiko ulioanza kuganda usiuongezee maji, umwage. Paka tabaka mbili nyembamba, kila moja isizidi milimita 2, na ya kwanza ikauke kabla ya pili. Mistari ya mwiko isikutishe, msasa utaimaliza. Na anza na ukuta utakaokaa nyuma ya kabati, ujifunzie huko.

Nasisitiza unyevu kwa sababu. Wako wenye nyumba ambao mpangaji akihama hupaka puti na rangi juu ya ukungu, kisha hupandisha kodi. Masika yakiingia doa hurudi, na mtoto wa mpangaji mpya hulala akikohoa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: ukiuficha ufa, atakayelipa ni mwingine.