Toka Nyumbani Kwangu: Sheria Yasemaje?

Hotuba ya afisa wa jinsia wa kaunti katika baraza la wananchi



Wengi hapa mmesikia maneno haya: "Nyumba ni yangu, kodi nalipa mimi, toka!" Mama hutoka usiku na watoto, na aliyempiga akabaki ndani. Wengine huvumilia kipigo kwa sababu hawana pa kulala. Leo nawaomba tujue haki.

Kwanza, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema mke au mume hawezi kumfukuza mwenzake katika nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama. Wala hawezi kuikodisha au kuiweka rehani bila mwenzake kukubali kwa maandishi.

Pili, Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamruhusu aliyedhulumiwa kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Mahakama inaweza kuagiza mdhulumu ndiye aondoke, aliyedhulumiwa abaki, hata kama hati ya shamba au mkataba wa kupanga una jina la mdhulumu peke yake. Palipo na hatari, amri ya muda inaweza kutolewa kabla mshtakiwa hajasikizwa. Kuivunja ni kosa. Sheria hii si ya wake pekee; inawalinda pia waume, watoto, wazazi, waliotalikiana na jamaa wanaoishi pamoja.

Ukifika kituo cha polisi, una haki ya kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yako. Afisa anapaswa kukueleza kuhusu matibabu na mahali pa kujisitiri. Chukua nambari ya OB.

Aliyenajisiwa au kubakwa aende hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge kwanza, wala asifue nguo alizovaa.

Wazee wa mtaa, ubakaji haumalizwi kwa mbuzi. Wenye ploti, msimfungie mlango mama kwa kuwa mumewe amewaambia hivyo. Majirani, mkisikia kilio, pigeni 999, au 1195 ambayo haina malipo. Mtoto akidhulumiwa, pigeni 116.

Anayepaswa kuhama ni mdhulumu.